Jirani Aliyepangiwa Nyangi

Nyangi alimwacha Wanzagi mwaka 1972, akiwa na miaka hamsini kasoro kidogo, na kila aliyemfahamu Wanzagi alisema mwanamke huyo amerukwa na akili. Walikuwa wamekaa pamoja tangu yeye ni msichana. Binti yao mkubwa, Boke, alikuwa ameshaolewa Musoma, na mdogo wake naye alikuwa ametoka kuolewa. Nyangi alingoja hadi ng'ombe wa mahari ya huyo wa mwisho wakaingia zizini, ndipo akafunga kanga zake kwenye furushi.

Mimi wakati huo nilikuwa simjui. Haya ya mwanzo alinisimulia mwenyewe baadaye, tukitenga pamba safi na chafu barazani kwangu, maana katika kijiji cha Azimio nyumba yake na yangu zilitazamana, njia katikati. Jina langu Jenoveva, ila watu huniita Mama Leonardi. Yaliyotokea Azimio niliyaona mimi.

Wanzagi alikuwa mtu wa watu. Boma lake lilikuwa vilimani, upande wa Butiama, na alikuwa na maksai wawili na plau. Mjane akikwama na shamba, Wanzagi atamlimia bila kudai kitu. Penye msiba alikuwa akiongea mpaka wafiwa wenyewe wanatabasamu. Lakini akivuka mlango wa nyumba yake alikuwa bubu. Nyangi akimwuliza pamba ipelekwe lini, yeye anachokoa meno. Akimwambia mtoto ana homa, anageukia ukutani. Wiki ingeweza kupita bila neno. Siku wageni wakifika ndipo sauti ilipotoka, na mara nyingi habari yenyewe ilikuwa Nyangi: anavyotembea, anavyoita kuku, anavyolala mdomo wazi. Aliweza kumuiga vizuri sana. Wageni wanacheka hadi wanafuta machozi, na Nyangi amesimama mlangoni na sinia la ugali, anangoja kicheko kiishe apate kuingia.

"Hakunipigaga hata siku moja," aliniambia. "Afadhali angenipiga, ningekuwa na alama ya kuonyesha."

Alama ndiyo waliyomdai. Kwenye baraza la usuluhishi wazee walimwuliza, amekupiga? Hapana. Amekunyima chakula? Hapana. Ana kichaa? Hapana. Basi una nini? Nyangi akasema, "Mimi naishi na mtu ambaye hayupo." Wazee wakatazamana. Wanzagi akainua mikono akajipapasa kifua na tumbo, akasema, "Wazee, hebu nishikeni, mnione kama nipo." Baraza zima likaangua kicheko. Walimrudisha nyumbani mara mbili. Mara ya tatu akaenda Mahakama ya Mwanzo, na hakimu, ambaye alikuwa mgeni asiyejua utani wa Wanzagi, akawaachanisha.

Kaka yake Nyangi, Matiko, ikambidi arudishe ng'ombe wa mahari. Alirudisha waliobaki, kwa uchungu, kisha akamwambia dada yake wakiwa wamesimama palepale langoni mwa zizi: "Umenivua nguo, Nyangi. Ukipata mwingine, usimlete hapa."

Akaenda Bunda. Alipanga chumba nyuma ya duka, akaanza kuuza samaki wakavu sokoni: dagaa, na furu wale wadogo ambao watu wa bara walikuwa wakiwadharau lakini wakiwanunua kwa kuwa ni rahisi. Kuwafuata ilikuwa lazima kwenda Kisorya, ziwani, juu ya lori, umekaa kwenye magunia. Huko ndiko alikomkuta Isidori.

Isidori alikuwa fundi wa mitumbwi, Mjita, ana miaka sitini hivi, mrefu, mkimya, mikono yake imejaa makovu ya tezo. Mkewe wa kanisani, Justina, alikuwa amevuka Ukerewe miaka mingi nyuma, akakaa huko na mwanamume mwingine, watoto akawachukua. Nyangi alikuwa akingoja mitumbwi irudi na dagaa, akakaa penye kivuli cha mtumbwi ambao Isidori alikuwa anaujenga. Hawakusalimiana zaidi ya shikamoo na marahaba. Isidori alipachika ubao, akarudi nyuma, akatazama, akasema:

"Wewe unaonaje, mama? Umekaa sawa au umepanda?"

Nyangi aligeuka nyuma kutazama nani anaulizwa. Hapakuwa na mtu.

"Sijui mambo ya mitumbwi," akasema.

"Macho si unayo."

Akatazama. Akasema upande huu naona kama umepanda kidogo. Isidori akapima, akautoa, akauchonga upya. Hakusifu wala hakushukuru, alifanya tu kama alivyoambiwa. Nyangi aliniambia kwamba usiku ule, kwenye lori la kurudi Bunda, alilia hadi mwanamke aliyekaa naye akamwuliza kama amefiwa.

Baada ya hapo safari za Kisorya ziliongezeka kuliko samaki waliohitajika. Isidori alikuwa akimwita Nyangi, jina lake, si mama fulani. Tangu azae mtoto wa kwanza hakuna aliyekuwa amemwita hivyo isipokuwa Matiko, naye Matiko alimwita akiwa amekasirika.

Siku Isidori alipomwambia waishi pamoja, alisema hivi: "Mimi sina ng'ombe. Na kanisani hawatatupokea, maana Justina yu hai. Nina mikono na sanduku la randa."

"Ng'ombe walishatembea kwa ajili yangu kwenda na kurudi," Nyangi akajibu. "Waache wapumzike."

Kwa padri walikwenda kweli. Aliwaambia kwa upole kwamba wanaweza kuishi nyumba moja kama kaka na dada. Wakamshukuru, wakatoka, na hawakurudi tena kupokea komunyo. Boke alikuja kutoka Musoma na uso umevimba. "Mama, kwa umri huu? Wakwe zangu nitawaambia nini?"

"Waambie mama yako anakula chakula cha jioni na mtu anayeongea."

Walipata shamba kidogo nje ya Bunda, wakajenga. Isidori alitengeneza kitanda cha mninga ambacho mimi mwenyewe nilikiona baadaye, hakikuwa na msumari hata mmoja. Mwaka mzima wa 1973 Nyangi alinenepa. Huo ndio mwaka wake. Nikimwuliza habari za mwaka huo hakuwa na la kusimulia, alisema tu, "Tulikuwa tunakaa."

Mwaka 1974 ikaja operesheni. Wote tuliokaa mbalimbali mashambani tulitakiwa kuhamia vijijini, na kwa kuwa sisi ni majirani wa Butiama, nyumbani kwa Rais, viongozi wa wilaya walitaka mambo yaonekane mazuri mapema. Malori yakaja na mgambo. Tuliokawia tulibomolewa. Kijiji chetu kipya kilikuwa uwanda mtupu katikati ya Bunda na Butiama, wakakiita Azimio, na viwanja vilipangwa kwa kamba ya katani, mstari huu na mstari ule, kila familia ekari moja ya nyumba na migomba. Ulipewa kiwanja kwa jinsi lori lako lilivyofika. Mimi na mume wangu Mhoja tulifika siku moja na Nyangi na Isidori. Tulilala chini ya turubai moja, na hapo ndipo urafiki wetu ulipoanza.

Kiwanja cha kushoto kwao kilikuwa bado wazi. Siku ya tatu lori likatoka upande wa vilimani, na nyuma ya lori, kwa mguu, mwanamume mnene mwenye kofia ya pama anawaswaga maksai wawili. Nyangi alikuwa anachanganya udongo wa kukandika ukuta. Nilimwona anaacha.

"Ni nani?" nikamwuliza.

"Ni Wanzagi."

Mwanamke aliyemwoa baada ya Nyangi alikuwa ameshamkimbia, kwa hiyo alikuja peke yake. Katibu, kijana wa shati la kijani, akamwonyesha vigingi vyake. Nyangi akafuata kamba ile na matope mikononi.

"Ndugu katibu, huyu mtu na mimi tumeachana mahakamani. Nipeni kiwanja kingine. Hata kule mwisho, kwenye mawe."

Katibu alikuwa amechoka, jua lilikuwa kali. "Mama, serikali haiwezi kupanga kijiji kwa kufuata magomvi ya vitandani. Hapa hakuna mume wa zamani wala mume mpya. Hapa wote ni ndugu."

Watu waliosimama wakacheka. Wanzagi akavua kofia yake, akainama mbele ya Nyangi. "Ndugu Nyangi," akasema, "jirani yako nimefika. Nikikosa chumvi nitapiga hodi." Kicheko kikapanda zaidi. Hata mimi, Mungu anisamehe, mdomo ulinicheza.

Isidori hakucheka. Alikuja akamshika Nyangi bega, akamwambia taratibu, "Achana naye. Nitajenga ua."

Na ua aliuanza. Alikata miti vilimani, lakini miti ilikuwa mizito na mbali, na yeye mgongo ulikuwa umeshachoka. Siku ya pili nikaona miti inakuja inaburutwa na maksai. Wanzagi mbele, Isidori nyuma. Wanzagi alikuwa amemkuta njiani amekaa juu ya mti, anahema, na akamwambia, "Shemeji, huo ua ni wa kunizuia mimi, si ndiyo? Basi ngoja nikusaidie kuuleta." Isidori, mtu asiyezoea mzaha, akakubali. Walichimbia nguzo pamoja kuanzia njiani hadi karibu na jiko. Halafu mvua ikaanza, watu wakakimbilia mashamba, na ua ukaishia hapo, nusu.

Msimamo wa Isidori nauelewa, hata kama nilimkasirikia sana. Mtu huyu alizoea ziwa. Sasa alikuwa uwandani, maji yako mbali, lugha yake wengi hawaijui, na kwenye shamba la kijiji vijana walimwita Mzee Furu. Jembe alilishika vibaya. Kazi pekee aliyoijua haikuwepo, nani atajenga mtumbwi Azimio? Alitengeneza milango, ikaisha. Jioni wanaume walikaa kuzunguka chungu cha pombe ya mtama, kila mmoja na mrija wake, na yeye alipita mbali kama hawaoni. Ni Wanzagi aliyemwita. Alisogea, akamkatia nafasi, akampa mrija, akawaambia wenzake, "Huyu ndiye mwanamume aliyefaulu mtihani ulionishinda. Msalimuni." Wakacheka, lakini safari hii walicheka wakimpisha. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Mzee Furu.

Njaa ya mwaka ule mnaikumbuka, tulipokula unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, hadi tukauzoea. Kila mtu alitaka kulima eneo kubwa ili mwakani asirudie. Isidori akamwambia Nyangi kwamba Wanzagi amejitolea kulima kwa plau.

"Hapana," Nyangi akasema. "Nitalima kwa mkono."

"Ekari mbili?"

"Hata kumi."

Asubuhi akaenda shambani na jembe begani. Alikuta limeshalimwa. Udongo umegeuzwa vizuri, mistari imenyooka, na mwisho wa shamba Wanzagi na Isidori wamekaa juu ya plau wanakula viazi. Nyangi aligeuka. Alipita kwangu, akaweka jembe ukutani, akakaa.

"Mama Leonardi, nifanye nini? Amenilimia. Nikikasirika, nani atanielewa?"

Kweli, hakuna aliyemwelewa. Mume wangu Mhoja alisema huyo mama ana bahati, ana wanaume wawili na maksai juu.

Kicheko kikaja baadaye. Tulikuwa kwake jikoni, jioni, tunamenya mihogo, tukasikia mtu anacheka upande wa pili wa ule ua nusu, kicheko kikubwa kinachotoka tumboni. Nyangi akainua kichwa.

"Ni nani yule?"

"Ni mumeo," nikasema.

Alisikiliza muda mrefu. "Hajawahi kucheka hivyo kwangu," akasema, akarudi kwenye mihogo yake.

Kisha Isidori akaanza kurudi nyumbani na maneno. Kumbe Nyangi aliwahi kukimbia chura akamwangusha mtoto. Kumbe akiwa mja mzito alikula udongo wa ukuta hadi ukatoboka. Kwake yeye yalikuwa mapenzi, nadhani. Alifurahi kuambiwa habari za mkewe wa siku za ujana ambao hakuuona. Lakini Nyangi kila alipoyasikia alijua yalivyosemwa, na sauti iliyotumika, na waliokuwa wamekaa wakisikiliza.

Halafu siku moja Isidori aliita kutoka nje, "Mama Boke! Maji ya kuoga yako wapi?"

Mimi nilikuwepo. Nyangi alisimama kama amepigwa na kitu. Boke ni mtoto wa Wanzagi.

"Umeniitaje?"

"Nimekuita wewe."

"Umeniita jina gani?"

Isidori akashangaa. "Si ndivyo watu wote wanavyokuita?"

"Watu wote," akasema Nyangi. Akamletea maji.

Jambo lililowavunja lilitokea mkutanoni, mwaka wa 1976. Habari ilikuwa ni kisima. Viongozi walitaka kichimbwe karibu na ofisi ya kijiji, ili wageni wakija wakione. Sisi wanawake tulijua pale ni mwamba, maji yapo chini ya bonde, upande wa mwisho wa mstari wetu. Hakuna aliyetaka kusimama kusema. Nyangi akasimama. Kusema kweli alisema vizuri: wapi nyasi hazikauki kiangazi, wapi ng'ombe hupenda kulala, wapi wanawake wamekuwa wakichimba kwa mikono na kupata unyevu. Mwenyekiti alianza kutikisa kichwa cha kukubali.

Wanzagi akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, mimi huyu namfahamu. Nimelala naye miaka mingi. Akisema maji yapo kushoto, yapo kulia. Muulizeni Isidori, siku hizi ndiye anayelala upande wenye unyevu."

Mkutano uliangua kicheko. Watoto walicheka bila kujua wanacheka nini. Mwenyekiti alificha mdomo kwa kofia. Nyangi hakumtazama Wanzagi hata kidogo, huyo alishamzoea. Alizungusha macho akamtafuta Isidori. Na mimi nikamtazama. Alikuwa amekaa benchi moja na Wanzagi, kichwa amekirudisha nyuma, anacheka kwa meno yote aliyobakiza. Kisha akaona macho ya Nyangi, kicheko kikamkwama, lakini alikuwa ameshachelewa.

Nyangi akakaa. Kisima kikachimbwa karibu na ofisi, wakakuta mwamba, wakakiacha.

Jioni ile niliwasikia kutoka kwangu, maana hawakushusha sauti.

"Ulicheka."

"Kila mtu alicheka, Mama Boke. Ulikuwa utani."

"Mimi sikuolewa na kila mtu."

Isidori alikuwa amekunywa, ingawa si sana. Akasema, "Hata na mimi hukuolewa."

Kulipokucha Nyangi alikuwa ofisini kwa mwenyekiti kabla ofisi haijafunguliwa. Aliomba kiwanja chake mwenyewe. Mwenyekiti akamwambia kiwanja anacho, cha mume wake. "Sina mume," Nyangi akasema. "Mwiteni mwenyewe, atawaambia. Ameshaniambia mimi." Wakamwita. Isidori akaja, macho mekundu, akasimama anazungusha kofia mikononi. Akasema yalikuwa maneno ya pombe. Akasema anaomba radhi mbele ya wazee wote. Akalia kabisa. Wazee wakamwonea huruma, wakamwambia Nyangi mwanamume akilia mbele za watu imetosha, rudi nyumbani.

Nyangi hakubishana. Aliniachia kuku wake, akaomba ruhusa ya kwenda Musoma kumwona mjukuu mgonjwa. Mjukuu alikuwa mzima. Alipanda lori na furushi, dogo kuliko lile alilotoka nalo kwa Wanzagi. Kitanda cha mninga alikiacha.

Boke alimpokea kwake Buhare, palepale Musoma, lakini nyumba ilikuwa ya mumewe, na huyo mkwe alikuwa mtu wa kufunga uso. Walimpa stoo, akalala kati ya magunia ya mkaa na baiskeli. Akarudia biashara yake ya samaki soko la Musoma. Nilipita kumwona nilipompeleka Leonardi hospitali. Alikuwa amekonda. Hakuuliza lolote, ikabidi nimwambie mwenyewe, kwa kuwa niliona ni vibaya asikie kwa wengine: mvua ya mawe ilikuwa imeezua nyumba ya Wanzagi, na Wanzagi alikuwa amehamia kwa Isidori. Wanapika kwa zamu. Nguzo za ule ua nusu wamezing'oa, wamezifanya kuni.

Alisikiliza akiwa anachagua dagaa.

"Nani analala kitandani?" akauliza.

"Wanzagi. Mgongo unamsumbua. Isidori analala kwenye mkeka."

"Na wanaongea?"

"Usiku kucha. Wanatunyima usingizi."

Alichagua dagaa waliobaki wote, mmoja mmoja, ndipo akasema, "Basi Wanzagi anaweza kuongea ndani ya nyumba. Miaka yote ile nilidhani ni ugonjwa."

Mwaka 1979, wakati wa vita, sabuni hakuna, sukari hakuna, Isidori alitokea Buhare. Alikuwa amesafiri siku mbili kwa kuwa malori yalikuwa vitani. Boke akamwonyesha stoo anamolala mama yake. Nyangi alimkaribisha, akampa maji ya kunawa, akampa ugali na samaki, akakaa mbali kidogo, akangoja amalize. Alidhani amekuja kumwomba arudi. Aliniambia hivyo mwenyewe: "Nilikuwa nimeshaanza kutafuta jibu. Sikujua lingekuwa lipi. Nilikuwa nalitafuta."

Isidori akanawa, akasema, "Wanzagi anaumwa. Kifua kimekuwa kibaya, hali chakula. Anasema angepata uji wa ulezi kama uliokuwaga unampikia, angepona. Mimi nimejaribu, siuwezi."

"Umekuja kwa ajili ya uji."

"Atakufa, Mama Boke."

Nyangi akainuka. Akampimia ulezi kwenye kitambaa, akaufunga. Akamweleza jinsi ya kuuchachua, usiku mmoja na nusu, jikoni karibu na majivu, na maji yawe vuguvugu. Isidori alirudia maneno yake ili asisahau. Kisha Nyangi akamsindikiza hadi barabarani, akasimama naye hadi lori likaja.

Wanzagi alikufa mwezi uliofuata. Nyangi alikuja kuzika, kwa sababu watoto ni wa marehemu na watu wangesema. Alifikia kwangu. Mazishi yalijaa, watu walitoka Bunda, walitoka Butiama, kila mtu ana hadithi ya Wanzagi, na palikuwa na kicheko kingi kama yeye mwenyewe angependa. Ila Isidori. Alilia kwa sauti, akagaagaa kando ya kaburi, wanaume wawili wakamshika asitumbukie. Wanawake walipopanga foleni kutoa pole hawakujua waanzie wapi. Wengine walimpa Nyangi mkono, lakini yeye alikuwa na macho makavu, basi wakapita kwa haraka wakaenda kwa Isidori. Ndiye waliyemwambia pole sana, jikaze, kazi ya Mungu. Nyangi alikuwa amebeba birika, ananawisha watu mikono.

Jioni ya tatu, matanga yalipoanuliwa, Isidori alikuja hadi mlangoni kwangu. Hakuingia.

"Nyangi," akasema. Safari hii alitaja jina. "Nimebaki mwenyewe."

"Naona."

"Nyumba ni ileile."

Nyangi alikuwa anakunja kanga. Aliendelea kukunja. "Ulipokuja Buhare," akasema, "ulinikuta nalala stoo, kwenye mkaa. Ulipita katikati ya magunia ukaja kukaa. Hukuniuliza kwa nini nalala pale."

Nadhani Isidori hata magunia hakuyakumbuka. Tukasikia hatua zake zinavuka njia.

Hakukaa sana Azimio. Kabla ya mvua za vuli aliuza plau aliyoachiwa, akarudi Kisorya kwa mtoto wa dada yake. Mara ya mwisho niliposikia habari zake, macho yalikuwa yameanza kwenda, alikuwa akikaa tu ufukweni, vijana wanamwomba ushauri wa mbao kwa heshima.

Nyangi aliendelea na samaki. Niliendelea kumtembelea kila nilipofika Musoma, na katika ziara moja, miaka miwili au mitatu baada ya mazishi, Boke alininong'oneza kwamba mama amepata mchumba, mjane, katekista wa Mugango anayeitwa Clementi, anayeleta samaki sokoni, mtu msafi, mpole, amewahi kuja hadi nyumbani akanywa chai. Na huyu kanisani wangefunga ndoa, maana Nyangi na Wanzagi hawakufunga ya kanisani, na Wanzagi mwenyewe keshakufa. Boke alitaka nimshawishi.

Nikamwuliza. Nyangi hakukasirika.

"Ni mtu mzuri," akasema. "Alikaa pale, akanywa, akatazama huu ukuta unaovuja. Akaniuliza ningependa uzibwe kwa udongo au kwa saruji."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia asije tena. Isidori naye alianza kwa kuniuliza ubao umekaaje. Hata chai yake hakuimaliza."